Namna ya Kuchunguza na Kuainisha Udongo Tifutifu wa Malisho katika Miteremko ya Mwanza

Mfugaji anayetenga ngitili, yaani eneo la malisho linalopumzishwa ili litumike kiangazi, katika Misungwi, Kwimba au Magu kwa kawaida huamua kwa kutazama nyasi na rangi ya udongo wa juu. Uamuzi huo una mantiki yake, kwa kuwa ng'ombe hula kilichoota juu, lakini unaacha nje jambo lenye uzito zaidi. Sehemu mbili zenye udongo tifutifu unaofanana kabisa katika sentimita 20 za juu zinaweza kuwa udongo wa aina mbili zilizo mbali sana: moja huruhusu mizizi ishuke hadi mita nzima na nyasi zake hubaki na ubichi muda mrefu baada ya masika, ilhali nyingine ina tabaka gumu linalotuamisha maji mwezi Aprili na kuwa kavu kabisa majuma machache baada ya mvua kukoma. Tofauti hiyo haionekani kwa anayetembea juu yake. Huonekana kwa anayechimba, na ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya shimo moja lililochimbwa kwa uangalifu na kusomwa tabaka kwa tabaka.

Hatua ya kwanza: usome mteremko kabla ya kushika koleo

Anza juu, penye majabali ya itale, kisha ushuke polepole hadi mbugani. Katika nchi ya Wasukuma udongo haukutawanyika ovyo. Hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka kilima kimoja hadi kingine. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii kitaalamu mwaka 1935, na tangu hapo wachunguzi wa udongo duniani wameutumia kama msingi wa kuchora ramani. Wakulima wa hapa walikuwa na majina ya udongo wa kila ngazi ya mteremko hata bila ramani hizo. Luseni ni udongo mwepesi wa kichanga wa sehemu za juu, uliotokana na kumomonyoka kwa itale. Itogolo hukaa chini zaidi, una tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na ndio unaogeuzwa majaruba ya mpunga. Ibushi ni udongo wenye chokaa, na mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi.

Waulize wazee wa eneo majina hayo, na uyaandike kwanza katika daftari lako kabla ya jina lolote la kitaalamu. Matumizi ya majina hutofautiana kidogo kati ya kijiji na kijiji, kwa hiyo uliza pia sababu: maji hukaa siku ngapi baada ya mvua kubwa, jembe hugonga kitu kigumu kwa kina gani, ni sehemu ipi nyasi hukauka kwanza. Majibu ya maswali hayo matatu yana thamani kubwa kuliko mtu anavyodhani, na mara nyingi yatakuambia nini cha kutarajia shimoni.

Ikiwa eneo lako limeshuka hadi ufukweni, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukanda huo usiuhesabu katika eneo la malisho.

Hatua ya pili: uchague mahali pa shimo

Wakati unaofaa ni mwishoni mwa masika, udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukichimba Septemba utakuta kila kitu kigumu na hutaweza kutofautisha tabaka lililoshikamana kwa asili na lile lililokauka tu. Ukichimba katikati ya mvua, kuta zitaporomoka na rangi zitakudanganya.

Toboa kwanza matundu membamba matano au sita kwa chombo cha kutobolea udongo, ukifuata mstari kutoka juu hadi chini ya eneo lako, ili ujue ni sehemu gani inawakilisha eneo kubwa zaidi. Kisha chagua mahali pa shimo kwa kuepuka mambo yafuatayo: vichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha mfinyanzi na virutubisho kutoka chini, mahame na mazizi ya zamani, ambako samadi ya miaka mingi imeongeza fosforasi na mboji kiasi kwamba udongo hausemi tena ukweli kuhusu eneo lote, njia za ng'ombe, na kingo za makorongo. Mahame huwavutia wachunguzi wengi kwa sababu nyasi zake ni nzuri, lakini sampuli iliyochukuliwa hapo itakupa picha ya malisho ambayo huna.

Andika majira ya nukta kutoka kwenye simu yako, mwinuko wa mteremko kwa asilimia, aina za nyasi na miti iliyopo, kiasi cha ardhi iliyo wazi bila nyasi, na dalili zozote za mmomonyoko.

Hatua ya tatu: uchimbe

Shimo liwe na upana wa mita 1, urefu wa mita 1.5 na kina cha mita 1.5, au ukomee kwenye mwamba au tabaka gumu ukilifikia mapema. Upande mmoja uache ngazi za kushukia. Ukuta utakaousoma uelekee jua, na upande wake wa juu usikanyagwe wala usiwekewe udongo uliotolewa, kwa maana unahitaji kuuona uso wa ardhi ukiwa na nyasi zake. Tandaza maturubai mawili: moja kwa udongo wa juu, jingine kwa udongo wa chini, ili wakati wa kufukia kila kimoja kirudi mahali pake. Shimo lililoachwa wazi usiku katika malisho huvunja miguu ya mifugo na linaweza kumuua mtoto. Lizungushie miiba kama huwezi kumaliza kazi siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: ugawanye matabaka na kuyaeleza

Kwangua ukuta kwa kisu kutoka juu hadi chini ili kuondoa alama za koleo. Sasa simama mbali kidogo utazame. Kisha rudi karibu na uchome kisu kila sentimita 5, ukisikiliza mkono wako: mahali kisu kinapobadilika kutoka kuingia kwa urahisi hadi kukataa ndipo mara nyingi pana mpaka wa matabaka. Weka alama, pima kina cha kila mpaka, na uandike kama mabadiliko ni ya ghafla, ndani ya sentimita moja au mbili, au ya polepole. Maelezo hayo ya mpaka yasiachwe hata kidogo. Katika miteremko ya Mwanza, mpaka wa ghafla kati ya udongo mwepesi wa juu na mfinyanzi wa chini ndio unaotenganisha itogolo na udongo tifutifu wenye kina.

Kwa kila tabaka andika rangi ukiwa umeulowesha udongo kidogo. Wachunguzi hutumia kitabu cha rangi cha Munsell, ambacho huipa kila rangi alama ya herufi na tarakimu. Asiyekuwa nacho aandike kwa maneno ya kawaida, lakini atumie maneno yale yale kwa mashimo yote. Rangi nyekundu au ya kahawia iliyoiva huonyesha kuwa hewa na maji hupita vizuri. Rangi ya kijivu yenye mabaka ya kutu, pamoja na vijiwe vyeusi vya chuma na manganizi, huonyesha maji yanayotuama kwa majuma kadhaa kila mwaka. Dondoshea tone la asidi hafifu ya hidrokloriki kila tabaka: likitoa povu, kuna chokaa. Hesabu pia mizizi kwa makadirio, na uandike inakoishia. Mizizi ya nyasi inapogeuka na kutambaa kwa ulalo badala ya kushuka, umepata kizuizi.

Hatua ya tano: upime uwiano wa chembe

Udongo wowote ni mchanganyiko wa mchanga, ambao chembe zake ni kubwa kuliko milimita 0.05 na hazizidi milimita 2. Silti, yaani chembe laini za katikati. Na mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002. Udongo tifutifu kwa maana kamili ni ule wenye mfinyanzi asilimia 7 hadi 27, silti asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiozidi asilimia 52. Udongo uliotokana na itale kwa kawaida una silti kidogo, kwa hiyo tifutifu kamili ni nadra katika miteremko yetu. Wengi wa udongo unaoitwa tifutifu hapa kwa hakika ni tifutifu wa kichanga au tifutifu wa mfinyanzi na mchanga. Kutambua hilo mapema kunasaidia, kwa sababu udongo wenye silti kidogo hushika maji pungufu kuliko jedwali la vitabuni linavyoahidi.

Kwa mkono, chukua udongo unaojaa kiganja, uondoe mawe, uloweshe hadi ushikamane bila kunata, ukande kwa dakika moja au mbili mpaka mabonge yote yavunjike, kisha usukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada ili utoke utepe. Utepe unaokatika kabla ya sentimita 2.5 ni wa kundi la tifutifu. Kati ya sentimita 2.5 na 5 ni tifutifu wenye mfinyanzi mwingi. Zaidi ya 5 ni mfinyanzi. Ukihisi mikwaruzo ya mchanga wazi wazi katika utepe wa urefu wa kati, umeshika tifutifu wa mfinyanzi na mchanga.

Jaribio la chupa hutumika sana na linafaa kwa kufundishia. Jaza theluthi moja ya chupa yenye kuta zilizonyooka kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji na kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikisa kwa dakika kumi, kisha uiweke mahali isipotikisika. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, silti ndani ya saa mbili, na mfinyanzi baada ya siku moja au mbili. Hata hivyo, nisingependa mtu aainishe udongo kwa chupa peke yake. Mfinyanzi ulioshikana kwa chuma au chokaa hutua kama mchanga, na hivyo chupa hupunguza mfinyanzi pale pale unapohitaji kuujua. Maabara hutenganisha chembe hizo kwa dawa maalumu kisha hupima kwa haidromita.

Hatua ya sita: upime athari za kwato

Malisho yana tatizo ambalo shamba la mahindi halina kwa kiwango hicho: kukanyagwa. Athari yake hukaa zaidi katika sentimita 10 za juu, na hupimwa kwa uzito wa udongo kwa ujazo. Tumia kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5, ambacho ujazo wake ni sentimita za ujazo 98. Kizamishe polepole kwa kukigonga juu ya ubao, kitoe, ukate udongo uliozidi pande zote mbili, kisha ukaushe udongo huo katika tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24 na kuupima. Ukipata gramu 142, gawanya kwa 98 upate gramu 1.45 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwa udongo tifutifu, thamani iliyo chini ya 1.4 ni nzuri; ikikaribia 1.6 mizizi huanza kupata shida, ikipita 1.75 mizizi huzuiwa. Pima sehemu tatu ndani ya ngitili iliyopumzishwa na sehemu tatu nje yake, katika udongo wa aina moja na siku moja. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo inayokuambia mifugo imefanya nini. Namba moja peke yake haikuambii mengi.

Kasi ya maji kupenya hupimwa kwa pete yenye kipenyo cha sentimita 15. Igongomee ardhini sentimita chache bila kung'oa nyasi, tandika kitambaa cha nailoni ndani, mimina mililita 440 za maji, ambazo ni sawa na mvua ya milimita 25, kisha uvute kitambaa polepole na kuhesabu muda hadi maji yaishe. Rudia mara ya pili mahali hapo hapo, na uandike muda wa mara ya pili, kwa kuwa ule wa kwanza hutegemea sana ukavu wa ardhi. Tazama pia kama uso wa udongo una gamba jembamba. Udongo wa kichanga kiasi wenye mboji kidogo huziba kwa matone ya mvua ukikosa nyasi, na maji hutiririka ingawa chini yake ni pakavu.

Hatua ya saba: sampuli za maabara

Chukua kilo moja kutoka kila tabaka, ukianzia chini kwenda juu ili udongo wa juu usiporomokee sampuli ya chini. Kausha kivulini, chekecha kwa chekeche la milimita 2, na weka kila sampuli katika mfuko wenye lebo mbili, moja ndani na moja nje. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Ukiriguru kiko wilayani Misungwi, na ni vyema kuuliza hapo kwanza. Vilevile kuna TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Omba vipimo hivi: uwiano wa chembe, pH kwenye maji, kaboni ya mboji, fosforasi, uwezo wa udongo kushika virutubisho, na kalisi, magnesi, potasi, sodiamu na alumini zinazobadilishana, yaani zile zilizoshikwa na chembe za udongo. Sodiamu isiachwe kwa ajili ya kupunguza gharama. Inapofikia asilimia 15 ya virutubisho vyote vilivyoshikwa na udongo wa chini, mfinyanzi hutawanyika majini, tabaka hufunga, na korongo likishaanza hapo ni vigumu sana kulizuia.

Hatua ya nane: uainishe

Mfumo wa kimataifa wa rejea za udongo, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022, una makundi 32, na hutumiwa kwa kuuliza maswali kwa mpangilio hadi swali moja lijibiwe ndiyo. Kwa udongo wa malisho ya hapa, maswali machache yanatosha kwa sehemu kubwa, mradi yafuatwe kwa mfuatano huu.

Je, mwamba mzima unaanza ndani ya sentimita 25? Ikiwa ndivyo, ni Leptosoli. Je, tabaka la chini lina mfinyanzi ulioongezeka pamoja na sodiamu nyingi? Ni Soloneti. Je, kuna mfinyanzi wa asilimia 30 au zaidi, nyufa pana za kiangazi na nyuso zinazong'aa kwa kusuguana? Ni Vertisoli, ndiyo mbuga. Je, mfinyanzi unaongezeka ghafla hadi maradufu ndani ya sentimita chache, na juu ya mpaka huo kuna dalili za maji kutuama? Ni Planosoli, na itogolo nyingi huangukia hapa au katika Soloneti. Je, chokaa kimejikusanya ndani ya mita ya kwanza? Fikiria Kalsisoli.

Majibu yote yakiwa hapana, linganisha mfinyanzi wa tabaka la chini na wa juu. Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu tu. Tabaka la juu, sentimita 0 hadi 20, lina mchanga 66, silti 16 na mfinyanzi 18: ni tifutifu wa kichanga. Tabaka la pili, sentimita 20 hadi 75, lina mchanga 57, silti 15 na mfinyanzi 28: ni tifutifu wa mfinyanzi na mchanga. Gawanya 28 kwa 18, upate 1.56. Kwa kuwa mfinyanzi wa juu uko kati ya asilimia 10 na 50, kigezo ni 1.4, nacho kimepitwa. Kwa hiyo tabaka la mfinyanzi uliojikusanya lipo. Sasa uwezo wa kushika virutubisho katika tabaka hilo ni sentimoli 5.6 kwa kilo ya udongo. Gawanya kwa 0.28, upate 20 kwa kilo ya mfinyanzi. Mpaka ni 24. Chini ya hapo mfinyanzi ni dhaifu, na ikiwa kalisi, magnesi, potasi na sodiamu kwa jumla zinaizidi alumini, udongo ni Liksisoli. Alumini ikizidi, ni Akrisoli. Ingekuwa 24 au zaidi, virutubisho hivyo vikiizidi alumini, tungeuita Luvisoli.

Ikiwa mfinyanzi hauongezeki kwa kiasi hicho, udongo wa kichanga kitupu hadi mita moja ni Arenosoli, ambayo luseni nyingi hufanana nayo, na ule uliokwisha kupata rangi na muundo wake bila kukusanya mfinyanzi ni Kambisoli. Andika jina la kimataifa kando ya lile la wenyeji. Yakipingana, rudi shimoni kabla ya kudhani kwamba wazee wamekosea.

Hatua ya tisa: uamue malisho kwa mujibu wa aina

Liksisoli ya mteremko wa kati inafaa sana kwa ngitili. Ina kina na mizizi hushuka, ingawa virutubisho vyake vingi vimo katika tabaka jembamba la juu lenye mboji, hivyo likiondoka kwa mmomonyoko kinachobaki kina thamani ndogo. Ng'ombe wasiingie udongo ukiwa umelowa. Kanda mkononi bonge la udongo wa kina cha sentimita 5, na likifinyangika badala ya kumegeka, subiri. Usiilime kwa nia ya kupanda nyasi bora pale ambapo nyasi za asili bado zimefunika ardhi.

Planosoli na Soloneti zitumike mapema kiangazi kinapoanza, zikishakauka kiasi cha kubeba kwato na nyasi zake zikiwa bado na ubichi, kwa sababu kina chao kifupi hakiwezi kuhifadhi maji hadi mwisho wa msimu. Usichimbe mitaro ya kuondoa maji yanayotuama hapo: mtaro hufichua tabaka lenye sodiamu, na mvua zinazofuata hulibomoa. Lambo nalo lisichimbwe kwenye Soloneti bila ushauri wa mhandisi, kwa kuwa kuta zake hutoboka kutoka ndani. Mbuga iachwe kwa miezi mikavu zaidi, nyufa zikishafunguka na udongo ukiwa mgumu wa kutosha kubeba kundi.

Mwishowe fukia shimo, udongo wa chini ukitangulia, ushindilie kidogo kila sentimita 30, na urudishe nyasi juu. Tunza daftari pamoja na majibu ya maabara, na upime tena uzito wa udongo na kasi ya maji baada ya miaka mitatu, katika nukta zile zile na mwezi ule ule wa mwaka.